Kukarabati nyumba kongwe ya Athens: mwongozo kwa mwanafunzi wa usanifu majengo

Mradi wenyewe huja hivi. Mwalimu anawapa namba ya kiwanja, jina la barabara huko Metaxourgeio au Kerameikos, mitaa ya Athens, na sentensi moja: irudishieni nyumba hii uhai, na mtaa wake pia. Usiku uleule nusu ya darasa imeshafungua kompyuta. Wiki ya tatu wana picha za kupendeza, mzeituni uani na mtu anapita na baiskeli. Wiki ya kumi wanagundua kwamba ukuta walioutoboa ili waweke kioo cha mita 4 ndio uliokuwa umebeba paa.

Nilikuwa katika nusu hiyo. Ninachokiandika hapa ni mpangilio wa kazi ninaoufuata tangu siku ile. Ubunifu unakuja nyuma kabisa, baada ya hati, sheria, kuta na majirani.

Nyumba ninayoilenga ni ile ya kawaida ya Athens iliyojengwa kati ya miaka ya 1870 na 1920. Ina ghorofa moja, kuta za mawe, paa la vigae, ua kwa nyuma, na kibaraza cha marumaru kilichokalia vishikizo vya kuchonga. Ugiriki ilihamishia mji mkuu wake Athens mwaka 1834, na ramani ya mji ya wasanifu Kleanthis na Schaubert ilikuwa imechorwa mwaka mmoja kabla. Matajiri wakajenga majumba yenye nguzo kwa mtindo wa kale, na mafundi wakaushusha mtindo huohuo hadi kwenye nyumba za wauza duka na maseremala. Nyingi za hizi za chini ndizo utakazozikuta leo zimefungwa kwa mabati, mtini ukiota juu ya ukuta.

Hatua ya 1: Jua nyumba ni ya nani

Swali hili wanafunzi huliona la kikarani. Mimi naliona ndilo linaloeleza sura ya Athens nzima.

Mwaka 1929 ilipitishwa sheria namba 3741, iliyomruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, yaani fleti moja, badala ya jengo zima na kiwanja chake. Baada ya vita sheria hiyo ikazaa utaratibu unaoitwa antiparochi. Mwenye kiwanja anampa mkandarasi kiwanja chake, mkandarasi anabomoa nyumba ya zamani na kupandisha jengo la fleti, kisha mwenye kiwanja analipwa kwa fleti kadhaa na mkandarasi anauza zilizobaki. Hakuna mkopo wa benki wala dola kumwaga fedha. Familia zilipata makazi, na nyumba za zamani zikaanguka mtaa kwa mtaa, hasa katika miaka ya 1950 hadi 1970.

Kwa hiyo nyumba iliyosalia mara nyingi ilisalia kwa sababu warithi hawakuelewana. Kila kizazi kilipopita, hisa zikazidi kugawanyika. Unaweza kukuta robo iko kwa dada aliyebaki Athens, nyingine kwa watoto wa kaka aliyehamia Melbourne, na kipande kwa mtu ambaye hajui kama anacho. Msomaji aliyekulia katika nyumba ya mirathi Tanga au Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi.

Fanya hivi: nenda kwenye daftari la ardhi la taifa, Ktimatologio, uone kiwanja kimeandikwaje na mipaka yake ikoje. Tovuti yao ina picha za angani za kati ya 1945 na 1960 na nyingine za miaka ya 2007 hadi 2009. Ziweke sambamba. Utaona ua uliokuwa wazi ukajengwa banda, na nyumba ya jirani iliyotoweka. Kama mmiliki ni manispaa au taasisi ya umma, mradi wako unaweza kuota mambo makubwa. Kama ni warithi 9, pendekeza kitu kinachoweza kuanza chumba kimoja kimoja.

Hatua ya 2: Soma sheria kabla ya kuipenda nyumba

Sheria ya urithi wa utamaduni ya Ugiriki ilikuwa namba 3028 ya mwaka 2002, na mwaka 2021 ikaingizwa katika sheria namba 4858. Jengo la kabla ya 1830 linalindwa moja kwa moja, halihitaji kutangazwa. La baada ya hapo linalindwa likitangazwa. Lakini hata lisipotangazwa, likishapita miaka 100 huwezi kulibomoa bila idhini ya idara ya Wizara ya Utamaduni.

Kuna daftari mbili, na hapa wengi hujikwaa. Wizara ya Utamaduni ina orodha yake ya majengo ya kumbukumbu ya kihistoria, na wizara inayosimamia mazingira na mipango miji ina orodha yake ya majengo ya kuhifadhiwa, yanayoitwa diatiriteo. Nyumba yako inaweza kuwa kwenye moja, zote mbili, au isiwepo popote. Ukiipata, usiishie kwenye jina. Tafuta tangazo lenyewe katika gazeti la serikali, ambalo Wagiriki huliita FEK, usome kilicholindwa ni nini. Wakati mwingine ni uso wa mbele tu. Wakati mwingine ni ngazi, dari zilizopakwa rangi na hata sakafu ya vigae vya saruji.

Halafu kuna kilicho chini ya ardhi. Athens, ukichimba, unakutana na mtu aliyetangulia. Mkaguzi wa mambo ya kale husimama pembeni ya shimo, na kikitokea kitu kazi inasimama. Katika mji wa Thessaloniki walianza kujenga reli ya chini ya ardhi mwaka 2006 na ikafunguliwa Novemba 2024. Miongoni mwa yaliyoichelewesha ni barabara kuu ya kale yenye maduka yake iliyofukuliwa kwenye kituo cha Venizelou. Kwa mradi wako maana yake ni moja: ukichora maegesho ya magari chini ya ua, jiandae kuulizwa. Mimi nisingeyachora.

Hatua ya 3: Ingia, na ugonge ukuta

Omba ruhusa. Vaa kofia ngumu na viatu vyenye soli nene, muwe wawili au zaidi, na msikanyage katikati ya sakafu ya ghorofani. Tembeeni kandokando ya ukuta, pale boriti zinapoingia kwenye jiwe, na hata hapo jaribuni kwanza. Ncha za boriti ndizo huoza mapema, kwa kuwa ziko ndani ya ukuta uliolowa.

Sasa gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukienda taratibu kutoka chini hadi unapofikia. Ukuta wa mawe wenye lipu iliyoshika haujibu kitu, kidole tu kinauma. Lipu iliyoachana na jiwe inajibu kama mtungi mtupu. Ukuta wa tatu unajibu kama sanduku la mbao, na huo ndio wanaouita bagdati: fremu ya mbao, papi nyembamba zimepigiliwa juu yake kwa kuachiana nafasi ya kama kidole, kisha lipu ya chokaa inayopenya kwenye nafasi hizo na kujishika kwa nyuma. Viambaza vya ndani ya nyumba hizi mara nyingi ni vya aina hiyo. Ndugu yake ni tsatmas, fremu ya mbao iliyojazwa mawe madogo au matofali, utakayoikuta zaidi kwenye nyumba za kaskazini, hasa Ano Poli ya Thessaloniki. Mji huo wa juu ulinusurika moto wa Agosti 1917, ulioteketeza kitovu cha mji na kumpa Mfaransa Ernest Hébrard nafasi ya kukichora upya.

Tafuta mahali lipu imeanguka yenyewe, uangalie kwa tochi iliyolazwa ubavu kwa ukuta. Utaona mawe ya kila ukubwa, vipande vya vigae vimesokomezwa katikati kuziba mianya, na chokaa iliyoingia wekundu kidogo. Wekundu huo ni matofali yaliyopondwa, na mchanganyiko huo unaitwa kourasani. Jina limetoka Khorasan kupitia Kituruki, kama bagdati lilivyotoka Baghdad. Nyumba inajivuna kwa sura ya Ugiriki ya kale, lakini ufundi wake wa ndani una majina ya mashariki. Hilo peke yake lingetosha kuwa ukurasa wa kwanza wa ripoti yako.

Hatua ya 4: Pima, wala usiamini pembe

Mita ya leza ni nzuri, lakini beba pia tepu, timazi na pima maji. Kwanza chora mstari mmoja wa usawa kuzunguka vyumba vyote, kwa mfano mita 1 kutoka kizingiti cha mlango mkubwa. Urefu wote, wa madirisha, sakafu na dari, upimwe kutoka mstari huo na si kutoka sakafuni, kwa sababu sakafu imeshuka.

Kisha pima ulalo wa kila chumba, pande zote mbili. Chumba cha mita 4.12 kwa 3.87 kingekuwa na pembe za sawasawa, ulalo wake ungekuwa 5.65 huku na huku. Ukipata 5.71 na 5.59, chumba kimepinda, na kichorwe kimepinda. Wanafunzi huona haya kuchora ukuta usionyooka, wanaunyoosha kimyakimya. Baadaye ngazi mpya haiingii.

Jumlisha vipimo vya ndani pamoja na unene wa kuta, ulinganishe na urefu wa nje. Zikibaki sentimita 60 zisizo na maelezo, umepata bomba la moshi lililozibwa, au kabati la ukutani, au ukuta ambao si mmoja bali ni wa nyumba mbili zilizoungana.

Piga picha nyingi za uso wa mbele kwa ajili ya fotogrametria, yaani kupata vipimo kutokana na picha, lakini nakshi na vishikizo vya kibaraza vichore kwa mkono. Mkono unauliza maswali ambayo kamera haiulizi. Skeli ya 1:50 inatosha kwa nyumba nzima, 1:10 kwa dirisha moja na kishikizo kimoja.

Hatua ya 5: Chora maradhi ya nyumba

Chukua michoro yako ya 1:50, uipake rangi kwa kila ugonjwa: unyevu, chumvi inayochanua, lipu iliyoachana, mbao zilizooza, nyufa. Nyufa zina lugha. Ufa wa mshazari kati ya dirisha na dirisha, hasa ukikatana na mwenzake kama herufi X, unasema tetemeko la ardhi. Athens ilitikiswa vibaya tarehe 7 Septemba 1999 na watu 143 wakafa, kwa hiyo usishangae. Ufa wa wima kwenye kona ya nyumba, mpana juu na mwembamba chini, unasema ukuta wa mbele unajitenga na wenzake na kulalia barabarani. Ili kujua kama ufa bado unatembea, paka juu yake kipande cha jasi, andika tarehe, rudi baada ya miezi kadhaa.

Hapa nina kisa cha kujicheka. Tulikuwa na ukuta uliolowa hadi urefu wa kifua. Tuliupima wiki tatu, tukachora maji yakipanda kutoka ardhini, tukapendekeza dawa ya kudungwa ukutani kila sentimita 15. Siku ya mwisho mama mmoja wa jirani, mtu mzima, alikuwa anamwagilia mirehani kwenye kibaraza chake. Akatuuliza tunahangaika na nini. Tukamwambia: kyria, ukuta huu unanyonya maji. Akacheka. "Bomba la mvua waliliiba," akasema, "la bati. Miaka miwili sasa." Tukatazama juu. Vishikio vya bomba bado vilikuwa ukutani, vinne, bila bomba.

Hatua ya 6: Tembea mtaa kwa saa tofauti

Nenda saa mbili asubuhi, saa nane mchana, na saa tano usiku. Metaxourgeio ilipata jina lake kwa kiwanda cha hariri cha karne ya 19, na jengo la kiwanda hicho, penye uwanja wa Avdi, leo ni jumba la sanaa la manispaa. Mitaa miwili pembeni kuna maduka ya jumla ya Wachina, gereji, mikahawa mipya, vyumba vya watalii, na watu wasio na pa kulala. Weka vyote kwenye ramani ya 1:500, hata visivyopendeza.

Chora pia mkato wa barabara. Ndipo utakapoona kioja cha Athens: nyumba yako ya mita 9 imebanwa na jengo la fleti la ghorofa sita, na ubavu wa jengo hilo ni ukuta mtupu, hauna dirisha, kwa kuwa ulingoja mwenzake ajengwe akashindwa kutokea. Wakati mwingine ukuta huo umebeba alama za nyumba iliyobomolewa: zigizaga ya ngazi, mraba wa rangi ya buluu uliokuwa chumba cha mtu. Huo mkato ukiuchora vizuri, nusu ya hoja yako ya mtaa imeshasemwa.

Hatua ya 7: Chagua matumizi, na usiniletee makumbusho

Kila mwaka kuna makumbusho, mkahawa na kituo cha utamaduni. Athens haina upungufu wa hivyo. Mtaa wa Gazi, umbali mfupi kwa miguu, kiwanda cha gesi cha karne ya 19 kiligeuzwa kuwa Technopolis, na mitaa yake ikajaa baa. Mtaa wa kale wa Plaka uliokolewa kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, vilabu vya usiku vikaondolewa na barabara zikaachiwa waenda kwa miguu. Ilikuwa kazi kubwa, lakini leo ukitafuta duka la kununua msumari pale, utatembea.

Mfano ninaoupenda ni soko la manispaa la Kypseli, mtaa wenye wakazi wengi wenye asili ya Afrika. Ni jengo la miaka ya 1930 lililokuwa hatarini kubomolewa. Wakazi wakalikalia, wakaliendesha wenyewe, na sasa linatumika tena. Matumizi yalitoka kwa watu kabla hayajafika kwenye meza ya msanifu.

Kwa nyumba yenye vyumba vya mita 4 kwa 4 vilivyopangwa kuuzunguka ua, jibu jepesi ni watu kuishi humo. Makazi ya wanafunzi, ya wazee wa mtaa, karakana kwa chini na familia kwa juu. Jaribio langu ni rahisi: je, matumizi yanaingia bila kuvunja ukuta zaidi ya mmoja? Yasipoingia, badilisha matumizi, acha ukuta.

Hatua ya 8: Amua kipi kinabaki na kipya kitaonekanaje

Kuna mwafaka wa kimataifa kuhusu jambo hili, Hati ya Venice ya 1964. Inataka urejeshaji ukome pale makisio yanapoanza, na kilichoongezwa kipatane na cha zamani lakini kitambulike kuwa ni kipya. Kama huna picha wala mabaki ya nakshi za paa, usizibuni.

Funzo la vifaa liko juu ya kilima cha Akropoli, linaonekana kutoka karibu kila kona. Mafundi wa kale walifunga mawe ya hekalu la Parthenon kwa vibanio vya chuma walivyovizungushia risasi iliyoyeyushwa, na chuma hakikushika kutu. Kuanzia mwaka 1898, Nikolaos Balanos alipolikarabati, alitumia vibanio vya chuma bila ulinzi huo. Kutu ikafura, marumaru ikapasuka. Tangu kamati mpya iundwe mwaka 1975, vyuma hivyo vimekuwa vikitolewa na kuwekwa titani. Mawe mapya yanatoka mlima uleule wa Penteli, yanaungana na ya kale bila kujificha, na yanaweza kutolewa tena.

Ukishuka, tembea kwenye njia alizozitandaza msanifu Dimitris Pikionis kati ya 1954 na 1957, kuelekea Akropoli na kilima cha Filopapou. Sakafu yake ameipamba kwa vipande vya marumaru na vigae vya nyumba zilizokuwa zikibomolewa mjini wakati uleule. Inama uviangalie. Utakuta kipande cha kizingiti cha nyumba kama unayoikarabati.

Kwa nyumba yako kanuni zinatoshea mkononi. Lipu iwe ya chokaa. Msomaji wa Unguja au Lamu anajua: saruji juu ya ukuta wa chokaa hufungia maji ndani, na ukuta huanza kumomonyoka nyuma ya lipu inayong'aa. Kwa nguvu zaidi Wagiriki huchanganya chokaa na udongo wa volkano wa Santorini. Sakafu ya ghorofa ibaki ya mbao, ikazwe kwa mbao za pili za mshazari na kufungwa kwenye kuta kwa vyuma visivyoshika kutu. Kuna watakaokushauri umwage zege. Zege ni zito, na tetemeko linapokuja uzito huo husukuma kuta za mawe kwa nje. Juu ya kuta, chini ya paa, weka mkanda wa kuzifunga zote pamoja. Umbuni kwa msaada wa mhandisi, usiuchore kwa kubahatisha.

Hatua ya 9: Wasilisha

Michoro mitatu, kila mmoja na rangi yake: kilichopo kijivu, kinachotolewa njano, kinachoongezwa nyekundu. Modeli ya 1:50 yenye paa linalofunguka. Picha moja tu ya kompyuta, nayo iwe ya mvua, si ya jua la Agosti.

Mvua, kwa sababu kuna swali ambalo hutalikosa. Mmoja wa majaji, kwa kawaida yule aliyekaa kimya, ataegemea modeli yako na kuuliza maji ya paa hili yanakwenda wapi. Uwe na mchoro wa 1:10 unaoonyesha kigae cha mwisho, mfereji, bomba hadi chini, na mahali linapomwaga nje ya msingi. Na bomba lisiwe la bati.